Sinema Ngulyati, na macho ya bibi

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Kwa wiki nne mfululizo kipindi hiki kilikuwa mikononi mwa mwenzangu, ambaye amenitunzia kiti vizuri na ninamshukuru. Mimi nilikuwa likizo. Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi Juni, mfanyakazi wa mjini mwenye watoto huwa na mambo mawili ya kuchagua. Ama awaache wakodolee macho televisheni sebuleni mpaka shule zifunguliwe, ama awapakie kwenye basi awapeleke kwa bibi yao. Mwaka huu nilichagua basi. Tulikwenda Ngulyati, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ambako nilizaliwa na ambako mama yangu mzazi bado anashika jembe.

Mama watoto alinipa sharti moja tu kabla ya kufunga mizigo: likizo ni likizo, sinema zibaki Dar es Salaam. Sharti hilo lilivunjika kabla hatujafika Morogoro, wala si mimi niliyelivunja. Basi lilikuwa na televisheni juu ya kichwa cha dereva. Kutoka Dar hadi Bariadi ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga, kisha unaiacha barabara ya Mwanza pale Mwigumbi na kushika ile ya Maswa. Katika mwendo wote huo tulionyeshwa picha sita. Moja ilikuwa ya Kinigeria, yenye mama mkwe mwenye sauti kama honi. Mbili zilikuwa za vichekesho vya hapa nyumbani, na hizo nilicheka kweli. Tatu zilizobaki zilikuwa za kuuana, na nilihesabu maiti mpaka nikachoka. Kiti cha mbele yangu alikaa mtoto wa miaka minne, amepakatwa, macho kodo. Nchi yetu ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri kwa kila picha. Lakini daraja la umri halikati tiketi ya basi.

Tulifika Ngulyati wakati mzuri. Mwezi Juni na Julai Usukumani ni kiangazi kikavu, vumbi jekundu, anga tupu, na pamba. Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo, na katika miezi hiyo mikokoteni ya ng'ombe hupishana njiani ikielekea kwenye mizani ya chama cha msingi. Fedha huonekana. Watoto wangu, ambao Dar huchagua chakula kama wageni wa hoteli, walikula matobolwa kwa karanga mpaka wakashindwa kuinuka. Binti yangu wa kidato cha pili alijifunza kukamua ng'ombe. Mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alijifunza kuchunga mbuzi, kwa maana ya kwamba mbuzi walikwenda walikotaka na yeye akawafuata.

Kipindi hiki baada ya mavuno ndicho pia cha ngoma. Msikilizaji asiyeifahamu nchi ya Wasukuma ajue kwamba kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanza katika karne ya 19, na hata leo hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na kile kinachovuta watu wengi zaidi upande wake ndicho kinachoshinda. Hapahitajiki jopo la waamuzi wala mhakiki wa redioni. Mtu hupiga kura kwa miguu yake. Nimeyataja haya kwa sababu watu waliolelewa na mashindano ya namna hiyo ni watazamaji wagumu sana. Ukiwachosha, wanaondoka.

Na sasa nije kwenye kibanda umiza. Pale Ngulyati nilikuta chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na televisheni bapa kubwa kuliko ninayoimiliki mimi. Kiingilio shilingi mia mbili kwa picha, mia tano kwa mpira. Nilikwenda siku ya tatu, na mama watoto alinitazama tu bila kusema neno, maana hata yeye alikuwa amevaa kanga ya kutokea.

Siku hiyo ilichezwa picha ya Kichina ya mapigano, imetafsiriwa. Kwa wale wasiokanyaga vibandani, kutafsiriwa maana yake ni kwamba yupo mtu ambaye amerekodi sauti yake juu ya picha nzima, akieleza kwa Kiswahili nani amesema nini, na pale mwenyewe anapoona hadithi imepoa, anaongeza chumvi. Ufundi huu una ndugu zake Uganda, na hapa kwetu jina lililovuma kuliko yote ni la Derek Gaspar Mukandala, yule mliyemjua kwa jina la Lufufu. Kanda zake zilizagaa kila kona ya nchi enzi za VHS. Waliomfuata ni wengi. Huyu niliyemsikia Ngulyati alimfanya mlinzi wa mfalme wa China adaiwe kodi ya nyumba Mbagala, na kibanda kizima kiliangua kicheko, ingawa nina hakika waliokuwa wamewahi kufika Mbagala mle ndani hatukuzidi watano.

Kisha likatokea jambo ambalo Dar huwezi kuliona. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele, mwenye kofia ya pama, alianza kumtafsiri mtafsiri. Kila Kiswahili kilipokwenda mbio yeye alikigeuza kuwa Kisukuma kwa wazee wenzake, naye akaongeza chumvi yake juu ya ile chumvi. Mlinzi wa mfalme, kwa mzee huyu, alikuwa kijana wa Sungusungu aliyelala lindoni, na dhahabu iliyoibiwa ikulu ikawa ng'ombe. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba mfasiri asijitie katikati ya msemaji na msikilizaji. Katika kibanda cha Ngulyati kanuni hiyo haina mteja. Wachina wale walipita mikononi mwa watu wawili kabla hawajamfikia bibi wa benchi la nyuma, na walipomfikia walikuwa jamaa zake. Nimekaa katika kumbi za sinema zenye viti vya sufi na kiyoyozi, na sijaona watu wanaoimiliki picha namna hii.

Ukutani mwa kibanda kile ipo picha ya marehemu Steven Kanumba, imefifia kwa jua, imezungushiwa maua ya plastiki. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984 na alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Bariadi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka huohuo wa 2012, kwa hiyo kwa watu wa Ngulyati yule ni mtoto wa nyumbani, na hawataki kusikia habari ya mipaka ya mikoa. Nilipomuuliza mwenye kibanda kama picha zake bado zinatazamwa, alinijibu kwamba Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ameicheza mara nyingi kuliko alivyokwenda kanisani. Na mimi huona kwamba Kanumba alikuwa na kitu ambacho wengi waliomfuata hawana: alijua kunyamaza mbele ya kamera. Hata hivyo hebu tuseme kweli. Picha nyingi za kizazi chake zilichezwa katika nyumba zenye ngazi ndani yake. Mtoto wa Shinyanga alikuwa stelingi, na Shinyanga yenyewe haikuonekana.

Na pale kijiji kinapoonekana katika sinema zetu, kinaonekana kwa sura gani? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo leo, kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu katika wiki ya pili ya likizo.

Mdogo wangu ana televisheni na umeme wa jua. Jioni moja mtoto wa jirani alileta flashi yenye picha za Kiswahili, ikachomekwa, televisheni ikatolewa uani, na kwa muda mfupi ua ukajaa watoto wa kaya saba au nane. Picha iliyochezwa sitaitaja jina. Ni moja kati ya mamia, na ukiijua moja umezijua zote. Kijana msomi anarudi kijijini. Mambo yake yanaharibika: gari linagoma, mchumba anaugua, kazi inapotea. Anayemharibia ni bibi yake mzaa baba. Bibi huyo amevaa kaniki, nywele zimetimka, na kila anapotokea muziki unanguruma na kamera inakimbilia machoni mwake. Macho ni mekundu. Usiku anapaa kwa ungo. Mwishoni anaanguka, kijana anapona, na watazamaji wanatakiwa kushangilia.

Mama yangu alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda akibangua karanga. Ana miaka sabini na kitu. Macho yake ni mekundu, na yamekuwa hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. Msikilizaji aliyekulia Usukumani hahitaji kuelezwa kwa nini. Miti ni michache, na kuni za akina mama huko kwa miaka mingi zimekuwa mabua, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unachoma. Ukipika kwa moshi huo ndani ya jiko lisilo na dirisha, mara mbili kwa siku, kwa miaka hamsini, macho hayabaki meupe. Weka na vumbi la kiangazi, weka na ugonjwa wa vikope ambao haukutibiwa mapema.

Alitazama ile picha mpaka katikati, kisha akasema kwa Kisukuma, bila kumlenga mtu yeyote: "Huyu mama analala saa ngapi? Usiku kucha yuko juu ya ungo, mchana kutwa anamchungulia kijana. Shamba lake analimiwa na nani?"

Watu wazima tulicheka. Mimi nimeandika na kusoma uhakiki wa sinema kwa miaka karibu ishirini, na sikumbuki kama nimewahi kuigonga picha ya namna hiyo mahali penyewe kama alivyoigonga yeye kwa swali moja. Mchawi wa sinema hana shamba, hana jembe, hana wajukuu wa kulea wala kisima cha kwenda. Mtunzi hajajiuliza anakula nini. Ametengenezwa ili achukiwe, basi.

Lakini watoto hawakucheka. Watoto waligeuka wakamtazama. Niliona vichwa vikigeuka kutoka kwenye kioo kwenda kwenye kigoda, kimoja baada ya kingine, wakilinganisha. Asubuhi yake mwanangu wa kiume alikataa kupokea matobolwa kutoka mkononi mwa bibi yake. Alisema hana njaa. Mtoto ambaye siku kumi alikuwa hali mpaka bibi amgawie, leo hana njaa.

Mama aliona. Hakumgombeza mjukuu, wala hakunilalamikia. Alimwita mdogo wangu nyuma ya nyumba na kumwomba kwa sauti ya chini kwamba picha ile isichezwe tena uani kwake. Baadaye, tulipokuwa wawili, alinitajia akina mama watatu aliowafahamu tangu ujana wake, waliouawa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na kila mmoja kabla ya kuuawa yalianza maneno. Fulani macho yake. Fulani ng'ombe wa jirani wamekufa. Majina yao sitayatamka hewani.

Ndugu wasikilizaji, haya si mambo ya mama yangu peke yake. Uchunguzi wa serikali ulihesabu kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania bara kwa tuhuma za uchawi. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, hasa wazee. Msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, aliandika kwa kirefu juu ya mauaji haya mwaka 1994, na yeyote anayetaka kuelewa mzizi wake na amsome. Nyuma ya tuhuma aghalabu utakuta shamba, urithi, mjane asiye na mtoto wa kiume karibu, au mpiga ramli aliyelipwa ili ataje jina. Mwaka 2015, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitia nchi aibu, serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini mpiga ramli anayetaja jina moja kwa mteja mmoja nyuma ya nyumba, na sinema inayoonyesha macho mekundu kwa kaya nane uani, wanasema maneno yaleyale.

Huko kwetu Bariadi tunaujua uzito wa kuzushiwa sifa. Kipo kijiji cha Gamboshi, wilaya hiyohiyo, ambacho nchi nzima inakitania kuwa ni makao makuu ya wachawi. Watu wa Gamboshi ni wakulima na wafugaji, wanavuna pamba na kudaiwa michango ya madarasa kama sisi, nao wamekwisha kulalamika mara nyingi mbele ya waandishi wa habari kwamba jina hilo linawaumiza. Mwalimu akipangiwa kazi huko hupewa pole. Sijui mtaniaji gani yuko tayari kwenda kuishi na pole ya namna hiyo.

Kamera yenyewe si ngeni vijijini kwetu, na historia yake inanifanya nisishangae sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha majaribio ya sinema pale Vugiri, katika milima ya Usambara, na gari lao likazunguka Tanganyika na nchi jirani likiwaonyesha wananchi picha za kuwafundisha: lipeni kodi, wekeni akiba posta, tengenezeni ngozi vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja picha za Kiswahili za kuchekesha, na katika Muhogo Mchungu aliyecheza kama mtu wa shamba anayekuja mjini alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye miaka michache baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Mtu wa kijijini, kwa hiyo, alianza katika sinema kama mwanafunzi, akapanda cheo akawa mshamba wa kuchekwa. Kuwa mchawi kumekuja baadaye, kwa kanda za miaka ya 2000 na kuendelea, na hiyo ni kazi ya mikono yetu wenyewe. Mkoloni simsingizii.

Wakati huohuo kamera nyingine ilikuwa ikipita upande wa pili wa Simiyu, mbugani. Binti yangu alitaka kuona Serengeti, nasi tulikuwa nayo jirani, basi nikamwonyesha kwanza kwenye kompyuta ile picha ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, Serengeti Haitakufa, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ni picha nzuri, siwezi kusema vingine. Ndege yao iliyopakwa milia kama punda milia bado inapendeza, na huwezi kuitazama bila kukumbuka kwamba Michael, mwana wa Bernhard, alikufa ndani ya ndege hiyo Januari 1959 kabla kazi haijakwisha. Nikamwonyesha na ile ya Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza Peter Greenberg nchi nzima. Binti akauliza swali la haki: mbona wanyama wanajulikana kwa majina yao na watu wa upande huu hawaonekani? Vijiji vya Simiyu vinavyopakana na hifadhi hulala macho vikilinda mahindi dhidi ya tembo. Hiyo ni sinema tosha, yenye hofu, ujasiri na ucheshi ndani yake, na haihitaji ungo.

Zipo kazi za Kitanzania zinazoonyesha kwamba mambo haya yanaweza kufanywa kwa akili. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni picha fupi juu ya mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi, na inamchukulia mganga kama mtu mwenye elimu yake. Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na huyohuyo Mulvihill, ina bibi mkongwe wa mizimu anayemtokea mgonjwa aliyekaa kimya miaka mingi hospitalini. Bibi huyo anatisha, lakini anakuja kuponya. Nilizibeba zote mbili, kinyume cha lile sharti la kuacha sinema Dar, na mama watoto aliziona kwenye begi akazifunika na taulo.

Ile tuliyoitazama na mama, hata hivyo, ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ni picha ya Unguja ya miaka ya 1950, ya binti wa Kihindi anayeitwa Yasmin anayemkimbia mume mzee aliyeozwa, akakutana na Denge, kijana wa harakati za kumtoa Mwingereza. Picha hii ilifunguliwa kwenye tamasha la Toronto na imesifiwa kwa rangi zake na mwanga wake, na sifa hizo zinastahili. Mimi ningependa iende kasi kidogo katikati. Mama hakuona tatizo la kasi. Nilimfasiria kwa Kisukuma palipohitajika, nikijitahidi kutotia chumvi, na nusu ya njia akanizuia nisiseme kitu kwa sababu alikuwa akimtazama Yasmin. "Kumbe hata Wahindi huozwa wazee," alisema. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, namna ng'ombe wa mahari yake walivyohesabiwa na nani alikuwapo, na jina la kijana mwingine ambaye baba yangu hakuwa. Mwanangu wa kiume alikuwa amelala mapajani mwake. Ilimchukua siku nne kurudi mapajani pale, na dada yake alifanya kazi kubwa zaidi yangu: alimpeleka jikoni kwa bibi wakati ugali unasongwa, akamwacha kwenye moshi kwa dakika kumi, kisha akamshikia kioo ajitazame macho.

Niliporudi Dar nilimweleza hayo yote rafiki yangu mmoja anayetengeneza filamu. Ni mtu mwema na ana madeni. Alinijibu jibu ambalo ninyi nyote mmekwisha kulisikia: kwamba watazamaji wenyewe, hasa wa vijijini, ndio wanaotaka uchawi, na kwamba picha isiyo na mchawi haiuzi. Jibu hili limerudiwa mpaka limekuwa kama sheria ya nchi.

Mimi nilikuwa na kitu mfukoni. Siku ya kuaga, mwenye kibanda cha Ngulyati alinionyesha daftari lake la hesabu, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo huandika kila usiku picha iliyochezwa na fedha iliyoingia. Aliniruhusu kunakili. Juu kabisa, na kwa mbali, ni mpira wa Uingereza na mechi za Simba na Yanga. Zinafuata za Kichina na Kikorea zilizotafsiriwa, kisha za Kihindi, kisha vichekesho vya hapa nyumbani. Kanumba yumo bado, kila mwezi. Za wachawi zimo pia, na nilizitafuta kwa makini: katika miezi mitatu alizicheza usiku tano tu, na usiku mmoja kati ya hiyo aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba watu waliondoka kabla ya mwisho. Nilimuuliza sababu. Alisema wazee walinyanyuka kwanza, kisha vijana wakawafuata, wakaenda uwanjani ambako Bagalu walikuwa wamekwisha kupiga ngoma ya kwanza.

Nakala ya kurasa hizo nimempa rafiki yangu. Alizisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kubaki nazo, nami nikamwachia.

Wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, nitajibu barua zenu zilizojaa mezani nikiwa safarini, nyingi zikiuliza kwa nini kumbi za zamani za sinema za Dar es Salaam zimekufa moja baada ya nyingine. Mpaka hapo, kwaherini.